Bajaji Moja na Kijito cha Kizungwi

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ile wanyama walipokuwa wakizungumza; nasema zamani ya juzi, malori yalipokuwa yamekwisha jaa barabarani, palikuwa na mji ukiitwa Lukwale. Ndani ya mji palikuwa na kiwanda. Ndani ya kiwanda palikuwa na moto. Na karibu na moto palikuwa na watu, nao ndio ninaotaka mnisaidie kuwaamua. Masikio yapo? Yakiwapo, twende.

Kiwanda kiliitwa Nyumbuko. Kilitengeneza springi za malori, vile vyuma vilivyopinda kama upinde, vinavyopangwa kimoja juu ya kingine chini ya lori ili mzigo usilivunje mgongo. Na chuma hakigeuki springi kwa kubembelezwa. Unakitia tanurini mpaka kiwe chekundu, unakipinda, kisha unakizamisha kwenye tangi la mafuta. Kinalia chaaaa! Kinatoa moshi, kinanyamaza. Kikitoka humo kimekuwa kigumu, na bado kinanesa.

Nyuma ya kiwanda kilipita kijito, jina lake Kizungwi. Kilikuwa chembamba, wakati wa kiangazi unakiruka bila kukunja nguo, lakini Lukwale nzima iliishi kwa maji yake. Kilishuka mlimani, kikapita nyuma ya Nyumbuko, kikazunguka kilima, kikapita kando ya bustani ya mboga, kisha kikaingia kwenye pampu ya mji. Ukifungua bomba Lukwale, unakunywa Kizungwi. Ukisonga ugali, umesonga Kizungwi. Ukioga ukaimba, Kizungwi inakuitikia.

Sasa watu wenyewe.

Wa kwanza alikuwa Leokadia Mkude, afisa mazingira wa kiwanda. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha uchafu wa kiwanda haumfuati mtu nyumbani kwake: moshi usiwaingie majirani, vyuma chakavu visizagae, na mafuta, hasa mafuta, yasifike kijitoni. Mwanamke huyu alikuwa akizunguka kwa maseremala kuomba maranda, yale makombo laini ya mbao, akayajaza kwenye magunia, magunia akayajaza bandani.

"Ya nini hayo, dada?" walimuuliza.

"Ya kunyonya mafuta siku yakimwagika."

"Na yasipomwagika?"

"Tutafuga kuku."

Wakacheka, wakambatiza Mama Maranda. Naye akaitika.

Lakini palikuwa na jambo lililomkera kuliko jina hilo. Kiwandani palikuwa na mfereji wa maji ya mvua, nao uliishia kijitoni. Mwisho wa mfereji paliwekwa lango la chuma. Mafuta yakimwagika, unalishusha lango, mafuta yanabaki ndani. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Ila lango lilikuwa limeshikwa na kutu. Halishuki, halipandi, limebaki juu kama mkono wa mtu aliyesahau alitaka kuuliza nini.

Leokadia alikwenda kwa meneja. Meneja aliitwa Bwana Evodi, mtu mpole, mwenye kila jibu isipokuwa moja tu, nalo ni "leo".

"Meneja, lango limekufa."

"Tutalitengeneza mwakani, Leokadia."

Mwaka ukaja. "Meneja, lango."

"Mwakani."

Ukaja mwingine. "Meneja..."

"Nimekuona tu mlangoni nikajua. Mwakani!"

Ikafika mahali Leokadia akachoka. Mtu akisema sana bila kusikilizwa, ulimi nao hugoma.

Wa pili alikuwa Shomari Dibwe, mzamishaji. Ndiye aliyesimama pale kwenye tangi la mafuta na koleo refu, akizamisha chuma chekundu na kukitoa cheusi. Kazi aliijua na mikono yake ilikuwa na makovu ya kuthibitisha. Alikuwa na mke na watoto wadogo waliopishana kama ngazi. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: picha. Mahali popote penye mtu anayepiga picha, Shomari yumo, tena mbele, tena meno nje. Kuna harusi alizotokea kwenye picha na mpaka leo wenye harusi wanaulizana yule ni ndugu wa upande gani.

Wa tatu hakuwa mfanyakazi. Aliitwa Bi Sikudhani, mwenye ile bustani ya mboga kando ya kijito. Alilima mchicha, matembele, bamia na nyanya chungu, na mboga zake zilisifiwa hata na wasiompenda. Nao walikuwapo. Kamati ya maji ya mji ilikuwa imemkataza kuchimba mtaro wa kuvuta maji kutoka kijitoni, kwa sababu wakati wa ukame kila mtu alitakiwa kubeba kwa ndoo. Bi Sikudhani akasema, "Nimesikia." Akachimba mtaro, akaufunika kwa makuti, akapanda maboga juu yake. Mwenyekiti wa kamati akamwita mwizi wa maji mbele ya watu sokoni. Bi Sikudhani akamwambia, "Mwizi huenda kwa watu, mimi hapa ni kwangu." Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Basi.

Springi za Nyumbuko zilinunuliwa na kampuni kubwa ya mjini pwani iliyounganisha malori. Kampuni hiyo ikatuma habari: "Tunakuja kuwakagua. Hatutazami springi tu, tunatazama na mazingira. Anayetuuzia springi huku akichafua mto, hatununui kwake tena." Na wakaongeza: "Tunakuja na bajaji mpya. Tutampa mtu mmoja, mfanyakazi au jirani, aliyeyalinda mazingira ya hapo kuliko wengine wote."

Ilipofika habari hiyo, Bwana Evodi alichanganyikiwa. Kiwanda kikipoteza mnunuzi huyo, moto unazimika, na nusu ya Lukwale inarudi kushika jembe ambalo ilikwisha liuza. Akaamuru usafi. Wakapaka mawe chokaa. Wakapaka mashina ya miti chokaa. Nusura wampake na mlinzi aliyekuwa amesinzia ukutani. Pasipokuwa na miti, wakakata matawi ya mwarobaini na kuyachomeka ardhini, yakasimama kwa mistari kama msitu ulioletwa na gari. Mlangoni likatandikwa zulia jekundu. Na mbele ya lile lango bovu yakapangwa maua ya makopo.

"Leokadia," meneja akasema, "wakikuuliza lango linafanya kazi?"

Leokadia akayatazama maua.

"Nakuuliza kwa ajili ya watu wote hawa na watoto wao. Wakikuuliza?"

"Nitasema linafanya," akajibu, akitazama chini.

Wageni wakaja asubuhi, na bajaji yao juu ya lori, ya bluu, imefungwa utepe. Kiongozi wao alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Ndeshi, mpole wa sauti, mkali wa macho. Akatembezwa. Akasimama mbele ya mwarobaini mmoja. Jua lilikuwa limepanda na majani yalikuwa yamelegea yote.

"Huu ni mti gani, meneja?"

"Huu una haya, mama," Bwana Evodi akasema bila kupepesa. "Ukiona wageni huinamisha majani."

Mama Ndeshi akasema, "Hm." Akaendelea. Akafika kwenye maua.

"Na lango hili, afisa, linafanya kazi?"

"Linafanya, mama," Leokadia akasema. Na neno lile lilipomtoka alihisi ladha ya kutu mdomoni.

Wakati huohuo Shomari alikuwa kwenye tangi. Chini ya tangi kulikuwa na koki ya kutolea tope na maji yaliyojikusanya chini ya mafuta. Akaweka pipa, akafungua koki, tope likaanza kutoka. Kazi ya dakika chache, ya kusimama na kutazama. Mara akasikia sauti nje: "Picha! Wafanyakazi wote, picha na wageni!"

Shomari akatazama koki. Akatazama mlango. Akasema moyoni, "Nakwenda na kurudi."

Akaenda. Lakini kurudi hakukuwa haraka, maana Bwana Evodi alitaka picha nzuri. Akawapanga kwa urefu. Akawapangua. Akawapanga kwa idara. Mmoja akafumba macho, ikapigwa tena. Picha hiyo ipo mpaka leo. Shomari yumo katikati, meno yote nje, na nyuma yake, ukitazama vizuri, utauona mlango wa karakana. Ndani ya mlango huo pipa limejaa, limefurika, na mafuta meusi yanatambaa sakafuni kuelekea mfereji.

Wageni wakaingia ukumbini kusikiliza hotuba. Shomari akarudi kazini akipiga mluzi, na mluzi ukamfia mdomoni. Tangi limeshuka. Sakafu inang'aa. Mfereji mweusi, na mafuta yanakwenda.

Akafunga koki. Akasimama. Hakuna aliyemwona. Koki ilikuwa kuukuu, imelalamikiwa na kila mtu. Kando yake palikuwa na nyundo. Akiigonga koki mara moja tu ikapasuka, atasema imepasuka yenyewe, na nani atabisha? Akaichukua nyundo. Akaiinua. Akawaona watoto wake wakimngoja na sufuria tupu. Kisha akawaona watoto walewale na vikombe vya maji mkononi, maji ya Kizungwi.

Akaitupa nyundo, akakimbia.

Ukumbini Bwana Evodi alikuwa kwenye kilele cha hotuba. "Hapa kwetu," anasema, "hata tone moja la mafuta halijawahi..."

"Mafuta yamekwenda mtoni!" Shomari akaingia kwa kishindo. "Ni mimi! Nimeacha koki wazi!"

Bwana Evodi akatabasamu. "Wageni wetu, huyu ni mwigizaji wetu. Tuliandaa zoezi la dharura, mwone tulivyo tayari."

Wageni wakapiga makofi.

"Si igizo, bosi!" Shomari akalia, nao makofi yakazidi, maana alilia vizuri. "Jamani, mafuta ni ya kweli! Na mimi mpumbavu ni wa kweli!"

Hapo Leokadia akasimama. "Mama Ndeshi, si zoezi. Na lile lango nililokwambia linafanya kazi, halifanyi. Nimekudanganya." Akawageukia wafanyakazi. "Zimeni mashine zote! Maranda! Magunia yote, sasa hivi!"

Mama Ndeshi akauliza, "Maji haya yanakwenda wapi?"

"Kwenye pampu ya mji," mtu akajibu. Ukumbi mzima ukaondoka kwa mkupuo.

Leokadia alifika kwenye lango akalitikisa. Halikutikisika. Mafuta yanapita chini yake kama yanamcheka. Akageuka huku na huku, macho yakaangukia zulia jekundu.

"Lileteni!"

"Zulia la wageni?" Bwana Evodi akashika kifua.

"Lileteni!"

Wakalikunja, akaingia mwenyewe mferejini, mafuta yakimfika magotini, akalisokomeza mdomoni mwa mfereji kama mtu anavyoziba chupa kwa gunzi. Nyuma ya zulia wakamwaga maranda, gunia baada ya gunia. Waliokuwa wakimcheka ndio waliobeba. Maranda yakanyonya, yakawa meusi, wakachota kwa koleo, wakamwaga mengine. Mtiririko ukapungua, ukawa matone, ukakoma.

Lakini yale yaliyokwisha kutoka yalikuwa yametoka. Yalikuwa yakiteremka Kizungwi, yakizunguka kilima polepole, yakipendezesha maji kwa rangi za upinde wa mvua.

Shomari aliliona hilo kabla ya wote. Kijito kilizunguka kilima, yeye akakikata kilima juu kwa juu, viatu akaviacha njiani, akamtokea Bi Sikudhani katikati ya mchicha.

"Shikamoo, mama! Mafuta!"

"Marahaba. Mafuta gani?"

"Ya kiwandani. Mimi ndiye niliyeyamwaga. Yako kijitoni yanakuja, hapa chini ni pampu!"

Bi Sikudhani akanyooka, mkono kiunoni. "Mwanangu, umekuja kuniambia ili nilie na wewe?"

"Nimekuja kwa sababu ya mtaro wako, mama."

"Mtaro gani? Mimi sina mtaro."

"Mama, mji mzima unaujua mtaro wako!"

Bi Sikudhani akaelewa alichoombwa. Akizuia kijito na kufungua mtaro, maji yote yataingia bustanini, na mafuta yataingia nayo. Pampu itapona. Bustani itakufa. Akaitazama. Mchicha ulikuwa umefika magotini, bamia zimeanza kuchanua. Kiangazi kizima aliulea kila mche kama mwana.

"Huko chini," akauliza taratibu, "hata mwenyekiti wa kamati ya maji anakunywa?"

"Hata yeye, mama."

"Yule aliyeniita mwizi?"

"Yeye na watoto wake."

Bi Sikudhani akavuta pumzi. "Basi na anywe. Kamata gunia hilo la udongo, usisimame kama mlingoti!"

Wakazuia kijito kwa magunia. Bi Sikudhani akang'oa maboga, akatupa makuti, akapiga jembe kwenye ukingo wa mtaro. Maji yakaingia. Mwanzo masafi. Halafu yakaja meusi. Yakatanda juu ya mchicha, yakashika bamia, yakatuama kwenye bonde la bustani. Bi Sikudhani alisimama akitazama na hakusema neno, naye alikuwa mtu wa maneno. Bustani ikajaa. Ikabakia kidole ifurike na kurudi kijitoni. Shomari akafumba macho. Alipoyafumbua, maji yaliyokuwa yakija hayakuwa na weusi tena. Huko juu maranda yalikuwa yamefanya kazi. Wakaondoa magunia, Kizungwi ikashika njia yake.

Mama Ndeshi akafika pampuni na wenzake, akachota maji kwenye bakuli jeupe. Akayageuza juani. Hayakuwa na rangi yoyote. Akampa Bwana Evodi.

"Kunywa."

"Mimi, mama?"

"Mji mzima unakunywa. Kunywa."

Bwana Evodi akafumba macho, akapiga bismillahi ingawa ni Mkristo, akanywa. Akafumbua jicho moja. "Matamu," akasema.

Mama Ndeshi akatoa uamuzi palepale. Springi wataendelea kununua, lakini haitatoka hata moja kabla lango halijashuka na kupanda mbele ya macho yake. Udongo wa bustani uliolowa mafuta kiwanda kitautoa chote na kuleta mwingine, na kumlisha Bi Sikudhani mpaka bustani ichipue. Bwana Evodi akafungua mdomo.

"Usiseme mwakani," Mama Ndeshi akasema.

"Nilitaka kusema leo, mama." Na watu wanaapa hiyo ndiyo siku ya kwanza waliyomsikia akilitamka.

Ikabaki bajaji.

Watu wakakusanyika uwanjani. Mama Ndeshi akainua ufunguo. "Bajaji hii ni ya mtu mmoja, aliyeyalinda mazingira kuliko wote. Anayedhani ni yeye aje aseme."

Wa kwanza kusogea alikuwa Bwana Evodi. "Mimi ndiye niliyetoa zulia," akaanza. Kelele za watu zilimrudisha alikotoka.

Akaja Leokadia, mafuta yamemkauka miguuni. "Mkiniondoa mimi, mafuta yote yaliyomwagika yangefika kijitoni. Hata bustani ya Bi Sikudhani isingeyatosha. Nani alikusanya maranda mkicheka? Nani aliingia mferejini?"

"Na nani alisema lango linafanya kazi?" mtu akapaza sauti. "Ulijua ni bovu, ukaliwekea maua!"

"Ndiyo," Leokadia akasema. "Nilichoka kusema, nikasema uongo. Kisha nikaukana mbele yenu wote, na sikujua kama kesho nina kazi."

Akaja Shomari, miguu mitupu. "Mkiniondoa mimi, msingejua lolote mpaka mtu atapike. Nyundo ilikuwa mkononi. Ningenyamaza nisingekamatwa. Nilisema, wakanipigia makofi, nikasema tena! Nikakimbia kilima, nikamwita mama huyu, nikabeba magunia naye."

"Tukikuondoa wewe," Bi Sikudhani akamkatiza, "mwanangu, mafuta yasingemwagika!"

Uwanja ukaangua kicheko, na Shomari akacheka pia, akajipangusa macho. "Ni kweli, mama. Lakini wanaokosea ni wengi. Niambie wanaokimbia kwenda kujitaja ni wangapi."

Watu wakaacha kucheka.

Akaja Bi Sikudhani, jembe begani. "Hawa wawili walikuwa wakizima moto wao wenyewe. Afisa analipwa kwa kazi hiyo. Huyu kijana alimwaga, akafuata alichokimwaga. Mimi je? Sikumwaga, siajiriwi, nilikuwa kwangu napalilia. Mkiniondoa mimi, leo mngekuwa mnakunywa mafuta ya springi. Nimetoa bustani yangu nikiitazama."

Mwenyekiti wa kamati ya maji akasimama. "Kwa mtaro uliokatazwa!"

"Ndiyo, uliokatazwa," Bi Sikudhani akamjibu. "Ningekutii wewe, maji yangepita wapi?"

Mwenyekiti akakaa. Wapo wanaosema hapo ndipo aliposema "Shikamoo" kwa sauti ndogo, na wapo wanaosema alikohoa tu.

Ubishi ukawaka. Wafanyakazi wa tanuri wakapiga kelele, "Shomari! Shomari!" Akina mama wa sokoni wakajibu, "Bi Sikudhani!" Waliobeba magunia wakaimba, "Mama Maranda!" Mtu mmoja akasema bajaji ina magurudumu matatu, kila mmoja achukue lake. Akaambiwa, na kwenye usukani atakaa nani?

Mama Ndeshi akatuliza watu. Akawaita wale watatu mbele. "Nimewasikia mkijisemea. Sasa nataka nisikie jambo jingine. Kama si wewe, nani? Shomari, anza."

Shomari hakufikiri sana. "Bi Sikudhani. Kosa ni langu, hasara akabeba yeye. Sikumsikia hata akinilaani."

"Bi Sikudhani?"

"Mimi simtaji mtu. Bajaji nimekwisha sema ni yangu." Watu wakacheka. Mama Ndeshi akamngoja. Bi Sikudhani akaliteremsha jembe, akamtazama Leokadia kwa muda. "Basi, huyu binti wa maranda. Miaka yote moshi ukija bustanini kwangu, kiwandani alitoka mtu mmoja tu kuja kuniomba radhi. Alikuja yeye. Hakuwa na cha kunipa, lakini alikuja."

Leokadia akageuka pembeni kidogo kabla ya kusema. "Na mimi namtaja Shomari. Nilikaa ukumbini na uongo wangu kifuani, nikitafuta pa kuutua, sikupata. Yeye akaingia na kosa lake mikononi, mbele ya watu wote. Asingesema yeye kwanza, sijui kama mimi ningesema kamwe."

Mama Ndeshi akautazama ufunguo. Akamtazama Shomari, akamtazama Bi Sikudhani, akamtazama Leokadia. Kisha akawageukia watu wa Lukwale na kusema, "Maji mnakunywa ninyi. Amueni ninyi."

Nao wakabishana tangu siku hiyo. Wamebishana sokoni, wamebishana misibani, wamebishana wakichota maji. Lango linashuka na kupanda, mchicha umeota tena, na hawajakubaliana. Kwa hiyo nimewaletea ninyi, msiokunywa Kizungwi na msio na ndugu upande wowote.

Aliyekosa akasema kweli wakati uongo ulikuwa karibu kuliko nyundo. Aliyejiandaa akichekwa, akateleza, akainuka. Au aliyetoa chake chote kwa ajili ya kosa lisilo lake?

Je, ufunguo ungekuwa mkononi mwako, nani angestahili kuupokea?